Kufuli la Banio

Walimtoa Aikande chini ya mawe saa kumi kasorobo alasiri, Jumanne ya tarehe 9 Oktoba 1956. Ukuta wa bondeni wa tangi la maji, kwenye kiwanda cha kumenya kahawa cha Bwana Pelham, ulikuwa umeanguka wote kwa mara moja. Maji yakatoka na mawe, matope na buni mbivu mpaka uwanja wa kuanikia. Vibarua kumi na wawili walikuwa upande wa pili, kwenye mashine, na wote walipona. Aliyekufa hakuwa mfanyakazi wa shamba lile.

Jambo hilo la mwisho lilimkera Sajenti Ephraimu tangu alipolisoma Jumatano asubuhi, katika ofisi ya polisi mjini Arusha. Jalada lilikuwa na kurasa mbili tu na mtuhumiwa alikwisha kupatikana: Bariki Sumari, umri miaka thelathini na minne, mlinzi wa mfereji. Mfereji wenyewe ulianzia mtoni, juu huko Meru, ukapita katikati ya migomba na kahawa ya Wameru, na masalio yake yakaishia kwenye tangi la Bwana Pelham. Kosa: kufungulia maji kwa makusudi na kusababisha kifo.

"Kazi ndogo," alisema Inspekta Rudge. "Pima ukuta, andika maelezo ya mashahidi watatu, rudi. Jumamosi saa tatu Sumari anapelekwa kwa hakimu."

"Na marehemu alifuata nini pale, bwana?"

"Alikuwa anapita."

"Akienda wapi?"

Inspekta alimtazama kwa macho ya mtu anayesubiri chai yake. Ephraimu akachukua kofia, akamwita konstebo mmoja.

Alikuwa mtoto wa mjini, mzaliwa wa Tabora, na wenzake walipenda kumtania kwamba jembe analijua kwa kuliona dukani. Baba yake alikuwa fundi wa malori. Lori likipinduka, watu wote wakimlaani dereva, mzee yule alilala chini ya lori kwanza, akatazama vyuma, ndipo akafungua mdomo. Ephraimu alirithi ugonjwa huo. Aliamini kwamba mtu wa mwisho kushika kitu ndiye rahisi kumkamata, na ndiyo sababu ndiye anayekamatwa. Imani ya namna hiyo haimpandishi cheo mtu yeyote, na alikwisha kuliona hilo kwa miaka tisa.

Saa nne kamili alikuwa shambani, maili nane kutoka mjini ukishapita Kimandolu. Maji ya mfereji yalikuwa yamegeuzwa kwenye mdomo wa tangi yarudi mtoni ili yasiingie kwenye mabomoko. Ephraimu alichomeka fimbo ya kupimia ndani ya mfereji, hatua kumi juu ya tangi, akaandika: *Jumatano, saa nne, kina inchi sita.* Aliambiwa apime, akapima kila kitu. Ukuta ulikuwa na urefu wa futi kumi na nane. Alama ya tope ilionyesha kwamba maji yalifika ukingoni, yakamwagika juu ya ukuta na kuchimba udongo wa msingi.

Bwana Pelham alimkuta hapo. Alikuwa mrefu, macho yake yakiwa ya manjano kwa homa.

"Ulikuwa wapi ukuta ulipoanguka, bwana?"

"Kitandani. Malaria. Siku nzima ya jana sikuvuka mlango, mpaka niliposikia kishindo."

"Maji yakizidi kwenye tangi, huwa yanakwenda wapi?"

"Maji yazidi?" Bwana Pelham alicheka bila furaha. "Watu wa juu wanayaiba yote. Mwezi wa sita nilipata kibali cha kufunga kufuli kule kwenye banio, mfereji unapochepuka mtoni, wasiendelee kuyakata wanavyotaka. Sumari alikasirika. Alisema mbele ya watu kwamba maji haya yatatutokea puani. Andika hilo."

Ephraimu aliandika. Aliandika pia kwamba kutoka ukingo wa tangi hadi mtoni kulikuwa na mstari mmoja wa miche ya kahawa, michanga kuliko yote shambani, imepandwa kwenye ukanda wa futi mbili, peke yake. Hakujua maana yake. Kwa mtoto wa mjini, miche ni miche.

"Ufunguo wa kufuli anao nani?"

"Nyapara wangu mkuu. Mimi sishiki funguo."

Nyapara mkuu alikuwa Sadoki, Mmeru wa miaka kama arobaini, mwenye kitambaa cheusi mkononi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Marehemu Aikande alikuwa dada yake wa tumbo moja.

"Pole sana, ndugu yangu," Ephraimu alimwambia, na alimaanisha. "Sitakuchosha. Jana Bariki alikuja hapa?"

"Hakuja."

"Hakuja kuomba ufunguo?"

"Sijamwona tangu Jumapili kanisani."

"Na dada yako, alifuata nini?"

Sadoki alitazama mawe. "Sijui, afande. Labda alikuwa na shida yake." Kisha akaongeza upesi: "Mwulize na Loserian. Alikuwa mlinzi wa usiku hapa, tukamfukuza mwezi wa nane. Watu wamemwona jana kule kwenye banio. Yule Mwarusha ana kinyongo."

Kabla ya kuondoka, Ephraimu aliomba kuona nguo za marehemu, zilizofungwa kwenye gunia. Gauni jeusi la kanisani, kitambaa cheupe cha kichwa, viatu vya kamba. Hapakuwa na kikapu wala kibuyu. Akamsimamisha kibarua mmoja wa Singida aliyekuwa akizoa matope.

"Jana mlianza kazi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, afande. Nyapara alituambia tangu Jumatatu jioni: kesho mapema, maji yatakuwa tele. Buni za Jumamosi zilikuwa bado hazijamenywa, zilishaanza kunuka."

"Wote kumi na wawili mlitoka Singida?"

"Wote. Wameru hawakuja kazini jana."

Alipanda mlima kwa miguu, akiufuata mfereji. Kila baada ya hatua hamsini au sitini palikuwa na kizibo cha udongo na magome ya migomba, na mwanamke au mzee amekipasua kwa jembe ili maji yaingie kwake. Kwenye kizibo cha tisa alimkuta Tabea, mke wa Bariki, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amelia mpaka amemaliza.

"Shikamoo afande," alisema, ingawa walikuwa rika moja. Kwa mtu aliyemfungia mumewe hakutaka kukosea.

"Usinishikamoo, dada. Hebu nieleze maji haya yanavyokwenda."

"Kila siku wenye zamu ni kumi na wanne. Kengele ya kanisa ikilia alfajiri, mwenye zamu anafungua kizibo chake kwa jembe. Tunakunywa sisi, yanayobaki yanakwenda kwa Mzungu."

"Na jana?"

"Jana ulikuwa msiba. Tulimzika Mzee Kaanaeli."

Ephraimu aliandika *msiba wa Mzee Kaanaeli*, akafungua ukurasa mwingine, akauliza Bariki aliondoka nyumbani saa ngapi. Jibu lilimpita hapo hapo, limevaa nguo za kila siku, naye hakuligeukia. Alikuja kujilaumu sana kwa hilo.

"Alitoka saa kumi na mbili na nusu," alisema Tabea. "Alikwenda kwanza kwa nyapara. Halafu akapanda juu. Afande, mume wangu hawezi kuua. Wakimfunga, mimi na hawa watoto watatu tutatunzwa na nani?"

Ephraimu alifunga daftari, akaendelea kupanda.

Banio lilikuwa mwendo wa saa nzima. Mawe yalipangwa kuziba sehemu ya mto, na penye mdomo wa mfereji palisimama ubao mzito wa kupandisha na kushusha. Ubao ulikuwa umeinuliwa juu, umepitishiwa mnyororo na kufuli kubwa. Kwenye kufuli palikuwa na alama tano mpya za kugongwa na jiwe. Jalada lilizitaja alama hizo: *mtuhumiwa alivunja kufuli ili kufungulia maji.* Kasoro yake ni kwamba kufuli lilikuwa zima. Ephraimu alichuchumaa, akalitazama kwa dakika nyingi.

Ubao ukiwa juu, maji yanaingia mfereji. Ukishuka, yanarudi mtoni. Mnyororo uliuzuia ubao usishuke. Aliyelipiga kufuli lile, hata angefaulu kulivunja, asingeweza kufungulia chochote, maana maji yalikwisha kufunguliwa. Alitaka kuyafunga.

"Loo," alisema Ephraimu peke yake. Konstebo aliyekuwa naye alidhani ameumwa na siafu.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa Kimandolu, kwenye boma la Loserian. Mkewe, Nosim, aliwapa maziwa kisha akasimama mlangoni, tayari kumtetea mumewe au kumgombeza, itakavyokuwa.

"Wanasema ulikuwa kwenye banio Jumanne."

"Nilikuwa. Nilinywesha ng'ombe. Ni dhambi?"

"Ulifukuzwa shambani kwa Pelham."

"Nililala kazini, wakanifukuza. Ningekuwa mimi ningejifukuza mapema zaidi." Nosim alicheka mlangoni. "Afande, kama unatafuta mtu wa kubeba kosa, mimi ni mzito kubebwa. Niulize nilichoona."

"Uliona nini?"

"Saa tatu hivi, Bariki anapiga kufuli kwa jiwe, jasho linamtoka. Nikamwambia, wee, unavunja kufuli la Mzungu, umechoka kukaa nje? Akasema, lazima nishushe ubao, leo maji hayana mwenyewe."

"Hayana mwenyewe? Maana yake nini?"

Loserian alimwangalia kwa huruma. "Afande, kwenu mtu akifa mnashika jembe?"

Ephraimu aliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Hapa hatushiki," Loserian aliendelea, taratibu, kama anayemfundisha mgeni njia. "Sisi na Wameru, wote. Siku ya kuzika, mpaka jua lizame, jembe halitoki nje, ila la kaburi. Ukionekana unalima wenzako wanazika, utaulizwa ulifurahia nini. Sasa usiposhika jembe, utapasuaje kizibo?"

"Vizibo kumi na vinne," alisema Ephraimu.

"Vyote vimefungwa. Maji yote, mzima mzima, yanateremka kwa Mzungu."

Saa tano alikuwa mahabusu, ameketi sakafuni mbele ya Bariki. Bariki alikuwa mwembamba, na alijibu maswali kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kila neno.

"Siku za misiba ya zamani ulifanyaje?"

"Nilishusha ubao alfajiri, maji yakarudi mtoni. Tangu baba yangu alipokuwa mlinzi, ndivyo. Lakini tangu mwezi wa sita kuna kufuli. Huu ulikuwa msiba wa kwanza tangu kufuli lifungwe."

"Ukaenda kuomba ufunguo."

"Saa moja na nusu. Sadoki akaniambia, Bwana amekwenda nao mjini, rudi kesho. Nikamwambia, Sadoki, leo tunamzika baba yako mdogo, unajua maji yatakavyokuwa. Akasema, rudi kesho."

"Kwa nini hukumweleza Inspekta kwamba siku ya kuzika watu hawafungui maji?"

"Nilisema ulikuwa msiba. Karani akaandika."

"Hukusema kwamba hawashiki jembe."

Bariki alishangaa kweli kweli. "Afande, ni nani asiyelijua hilo?"

Ephraimu hakuweza kumjibu kwamba asiyelijua alikuwa yeye, Inspekta, karani na hakimu wa Jumamosi. Mlima mzima ulilijua jambo hilo kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kulisema. Alibaki na maswali mawili: kwa nini Sadoki afiche ufunguo, na Aikande alifuata nini pale. Neno la Bariki lilikuwa moja, la Sadoki moja, na mahakamani la nyapara mkuu lingekuwa zito zaidi. Tena Sadoki alikuwa mfiwa. Ephraimu alijisikia vibaya kumfikiria.

"Aikande anazikwa lini?" aliuliza akiinuka.

"Nasikia kesho, saa nane."

Ephraimu alisimama pale pale, mkono kwenye nondo. Kisha akaenda kumwomba Inspekta Rudge jambo moja: kesho saa nne kasorobo awe shambani kwa Pelham, na mpaka wakati huo Bariki asitolewe hata kwenda kunawa.

Ijumaa hiyo, kwenye ukingo wa mfereji, ukimwacha konstebo, walikuwa watano: Inspekta, Bwana Pelham, Sadoki ndani ya koti jeusi, mwinjilisti Naftali aliyeitwa kwa niaba ya familia, na Ephraimu. Vibarua wote waliwekwa mbali, juu ya kilima. Fimbo ya kupimia ilikuwa imesimama pale pale.

"Tafadhali soma mwenyewe, bwana," Ephraimu alimwambia Inspekta.

Rudge aliinama. "Inchi kumi na tano."

"Jumatano saa hizi zilikuwa sita. Mvua haikunyesha. Bariki Sumari yuko wapi?"

"Unajua alipo. Mahabusu."

"Basi nani amefungulia maji?"

"Wamefanya makusudi tena!" alisema Bwana Pelham.

"Hakuna aliyefanya kitu, bwana. Ndiyo maana yamejaa. Leo kunazikwa, hakuna aliyeshika jembe, vizibo vyote vimefungwa. Jumanne ilikuwa hivi hivi. Mwinjilisti, nasema uongo?"

Naftali alitikisa kichwa. "Ni kweli. Hata mimi nyumbani kwangu sijagusa jembe."

Ephraimu alieleza kuhusu kufuli, polepole, mpaka Inspekta akatoa jalada na kulitazama upya lile neno *kufungulia*. Halafu Ephraimu akageuka.

"Bwana Pelham, Jumanne ulikwenda mjini?"

"Nimekwisha kukuambia. Nilikuwa kitandani."

"Bariki aliambiwa umekwenda mjini na ufunguo."

"Mwongo huyo!" alisema Sadoki. "Hakufika kwangu."

"Sawa, tumwache Bariki. Jumatatu jioni uliwaambia vibarua kwamba kesho maji yatakuwa tele. Ulijuaje?"

Sadoki alianza kuvifunga vifungo vya koti lake.

"Nitakusaidia. Jumatatu kengele ya msiba ililia, ya baba yako mdogo. Kati ya wakubwa wa shamba hili, wewe peke yako uliijua kengele hiyo inafanya nini kwenye mfereji. Buni za Jumamosi zilikuwa zinaoza, na maji ya kumenyea hayakutosha. Ukaona msiba umekuletea maji. Bariki alipokuja kuyafunga, ukamficha ufunguo."

"Sikutaka mtu afe," alisema Sadoki kwa sauti ndogo.

"Najua. Lakini ulikubali mtu afungwe. Sadoki, jirani yako yule ana mtoto wa miezi mitano. Dada yako alifuata nini hapa?"

Maji yalisikika yakipita. Ephraimu aliomba moyoni asilazimike kuuliza mara ya pili.

"Alinifuata mimi," alisema Sadoki. "Jeneza lilikuwa limeshafika kaburini. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba, walikuwa wananisubiri. Alikuja na nguo za kanisani, akasema, kaka, twende, watu wanauliza. Nikamwambia yamebaki madebe machache. Jua lilikuwa kali." Alishika uso. "Nikamwambia akae kwenye kivuli cha tangi, anisubiri. Nilimwonyesha mimi pa kukaa. Kwa kidole changu."

Mwinjilisti Naftali alimshika bega asianguke. Sadoki alitoa ufunguo kwenye mfuko wa koti, bado ukiwa na uzi wake, akampa Ephraimu.

"Bwana aliniambia kahawa ikikataliwa tena mnadani, nitoe vyombo vyangu kwenye nyumba ya shamba. Nina watu saba mle ndani. Niliogopa, afande. Hiyo tu. Niliogopa."

Ephraimu alimpa konstebo ufunguo akashushe ubao. Hasira aliyokuwa nayo kwa Sadoki ilikwisha kumtoka, ikahamia mahali pengine.

"Bado swali moja. Maji yamewahi kuzidi siku nyingine, mvua za masika. Ukuta haukuanguka. Safari hii yalikosa nini?" Alielekeza kidole kwenye ule mstari wa miche. "Sadoki, hapa palikuwa na nini?"

"Mchirizi wa kutolea maji ya ziada. Tuliufukia mwezi wa nane, tukapanda kahawa. Nilimwuliza Bwana, na maji yakizidi? Akasema hayazidi kamwe."

Bwana Pelham alikuwa mwekundu shingoni. "Ni ardhi yangu. Napanda ninapotaka."

"Inatosha, Sajenti," alisema Inspekta Rudge.

Sadoki alimzika dada yake siku ile, konstebo amesimama nyuma yake. Mama yake alikwisha kuambiwa. Hakumfukuza, wala hakumtazama.

Jumamosi saa mbili asubuhi Ephraimu aliweka ripoti yake mezani. Ilikuwa na kurasa nne. Tatu zilieleza vizibo, kufuli na uongo wa Sadoki. Wa nne ulieleza mchirizi: urefu, upana, mwezi uliofukiwa na amri ya nani, na kwamba ukuta ukijengwa upya bila mchirizi kuchimbuliwa, utaanguka tena, na kitakachobaki kujulikana ni jina tu la atakayekuwa chini yake. Inspekta Rudge alisoma zote. Alizibana tatu, wa nne akausukuma kando.

"Haya ni maoni."

"Ni vipimo, bwana."

"Saini hizi tatu, Sumari anatoka saa tatu. Usiposaini, hakimu atapata jalada kama lilivyokuwa Jumatano. Chagua."

Ephraimu alishuka mahabusu akiwa ameshika karatasi zote nne. Alimweleza Bariki jambo lenyewe bila kuficha, kwa sababu shingo iliyokuwa kwenye kamba ilikuwa yake.

"Huo wa nne unasema nini hasa?" Bariki aliuliza.

"Kwamba maji bado hayana pa kwenda."

Bariki alifikiri. Nje alisikika mtoto akilia, na wote wawili walijua Tabea ameshafika getini.

"Saini tatu, afande. Nataka kwenda nyumbani." Alinyoosha mkono kupitia nondo. "Halafu huo mmoja nipe mimi."

Kumpa mtu karatasi ya jalada ni kosa, na Ephraimu aliijua adhabu yake kwa maandishi. Aliikunja mara mbili, akampa.

Jumapili, baada ya mahubiri na kabla ya sala ya mwisho, mwinjilisti Naftali alisimama kusoma matangazo kama kila wiki. Alitangaza ndoa mbili. Alitangaza mnada wa mavuno. Kisha akafungua karatasi yenye mikunjo, akasoma neno kwa neno ukurasa wa nne, pamoja na futi na inchi zake. Akausoma tena kwa Kimeru. Mchana watu watatu waliteremka kwenye kambi ya vibarua, wakawasomea wale wa Singida pia.

Jumatatu saa moja asubuhi kengele ya shamba ililia. Hakuna aliyeingia kiwandani. Ikalia tena saa mbili. Vibarua walikuwa wameketi juu ya kilima, wanatazama, na walipofuatwa walijibu jambo moja tu, kwa adabu kabisa: wataanza mchirizi utakapochimbuliwa. Buni zilianza kunuka saa sita.

Saa tisa Ephraimu aliitwa. Karatasi yenye mikunjo ilikuwa juu ya meza ya Inspekta Rudge, na kando yake barua ndefu ya Bwana Pelham.

"Umeona hii?"

"Nimeiona, bwana."

"Haina saini. Nani aliiandika?"

Inspekta hakuwa mtu mbaya. Aliliuliza swali lile taratibu, akamwachia nafasi ya kusema hajui, na Ephraimu aliona wazi kwamba akisema hajui, hatabishiwa. Alikumbuka mke wake na ile mistari mitatu ya begani, alivyoihangaikia kwa miaka tisa.

"Mwandiko ni wangu, bwana," alisema. "Naomba niazime kalamu yako."

Inspekta alikawia, kisha akampa. Ephraimu aliinama, akaandika jina lake lote chini ya ukurasa wa nne, na tarehe.